Bei Ilipopanda na Malori Kupungua

Shamis hakuwahi kushika kalamu, lakini soko la mifugo la Garissa alilijua kuliko wanaume wengi. Aliuza chai kwenye lango ambapo malori yalitokea kwenda Nairobi, na wateja wakipungua alisuka mkeka. Kila siku ya soko alisuka mistari miwili: mwekundu wa bei ya ng'ombe, mweusi wa malori yaliyoondoka. Bei ikipanda, mwekundu unakuwa mpana. Malori yakiwa mengi, mweusi nao unanenepa. Kwa miaka sita mistari hiyo ilinenepa pamoja na kukonda pamoja.

Mwaka wa tisini na sita ikaachana. Mwekundu ulizidi kupanuka, soko baada ya soko, huku malori yakitoka tisa, kisha matano, kisha mawili. Shamis akaanza kuwaangalia ng'ombe wenyewe. Dume moja lenye pembe iliyovunjika lilikuwa limeuzwa mara tatu, kila mara kwa bei ya juu zaidi, na bado lilikuwa palepale likitafuna makatoni. Wafanyabiashara walikuwa wakiuziana wao kwa wao. Nairobi haikuwa ikinunua.

Alikuwa na ng'ombe kumi na wanne wake mwenyewe, aliopewa na baba yake alipoolewa. Walichungwa pamoja na wa mumewe, Deeq, dalali, na kuuzwa au kutouzwa kwao kulikuwa mkononi mwa Deeq. Shamis akamwambia awauze wote wiki hiyo.

Sokoni mnunuzi na muuzaji hufunika mikono kwa shuka na kupatana kwa kubonyezana vidole, wengine wasijue. Deeq alijivunia vidole vyake.

"Mama Hani," akasema mbele ya wateja, "bei nimeishika chini ya shuka, ni moto. Wewe umeshika nini? Miyaa?"

Wakacheka. Mmoja akauliza kama mkeka unatabiri na mvua.

Mahat, kaka yake Shamis, hakucheka. Alingoja wengine waondoke.

"Abaayo, dada yangu, hao ng'ombe ni wa baba yetu. Sema neno moja, kesho nawatoa zizini na kuwauza."

Shamis alijua mji ungesema nini: mke kamtuma kaka yake kumwaibisha mumewe sokoni. Akamwambia Mahat anywe chai.

Siku ya soko iliyofuata halikutoka lori hata moja. Bei ikaanguka hadi nusu, kisha chini ya hapo, na malisho yakaisha. Kumi walikufa. Wanne waliobaki walikwenda kwa wachinjaji wa mjini kwa bei ya mmoja.

Deeq hakuomba msamaha. Alianza tu kupita kibandani kila asubuhi, akitupia mkeka jicho kabla ya kuingia sokoni. Baada ya miaka miwili alikuwa akisifiwa mpaka Elwak kwa akili ya biashara, na huko huko akaoa mke wa pili.

Hani alipoolewa, mama yake hakuwa na hata ndama wa kumpa. Ndipo binti alipouliza, kwa upole, ikiwa ni kweli alijua.

"Nilijua," Shamis akasema. "Baba yako alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua, na nikamnywesha mjomba wako chai."