Gitaa Lisilo na Kichwa Lilipoingia Makadara

Sisi tuliokulia mtaa wa Makadara wakati redio moja ilitosha mstari mzima wa nyumba tulikuwa matajiri bila kujua. Jumamosi ilianza na harufu ya sabuni ya mche kwenye bomba la maji, ikafuatwa na mandazi ya Mama Njoroge, kisha moshi wa majiko ukaunganisha nyumba zote zikawa jiko moja. Wavulana walipiga bano, zile gololi za kioo, vumbini. Sisi wasichana tuliruka blada, ule mpira wa kuruka, mpaka magoti yakawa meupe kana kwamba tumepakwa unga. Mama akikuita mara ya kwanza hukusikia, ya pili hukusikia. Akiita majina yako yote pamoja na la ubatizo, hapo hata miguu ilisikia.

Na tulikuwa na bendi. Watoto wa leo wakitaka kuwa na bendi huanza kwa kutafuta jina na picha. Sisi tulianza kwa kutafuta galoni ya mafuta ya kupikia. Ukishaipata, unatoboa tundu, unapigilia ubao wa sanduku la nyanya uwe shingo, halafu unavizia baiskeli ya mtu ili upate waya wa breki. Ukiufumua ule waya unapata nyuzi za kutosha bendi nzima, na kiboko cha kutosha pia, mwenye baiskeli akikugundua.

Fundi wetu mkuu alikuwa dada yangu Nekesa. Alikuwa amenipita kwa miaka kadhaa, mrefu, mwembamba, na mwenye vidole ambavyo havikujua kutulia hata kanisani. Yeye ndiye aliyetufundisha kupima gitaa. Usiangalie rangi, alisema. Funga jicho moja, uangalie shingo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama mtu anayelenga kwa manati. Ikiwa imepinda, rudisha. Kisha bonyeza uzi karibu, bonyeza mbali, usikilize kama unanung'unika. Mwisho funga macho yote mawili ucheze, na vidole vyenyewe vitakuambia kama vimepata nyumba au vimepata jela. Tulipima hivyo galoni zetu kwa uzito wote wa dunia, ingawa hakuna hata moja iliyofaulu.

Baba yetu alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alipenda muziki mradi utoke kwenye redio. Muziki wa kutoka kwa binti yake ulimtia wasiwasi, kwa sababu wanamuziki wote aliowajua walikuwa wanamalizia maisha yao baa. "Msichana akishika gitaa," alikuwa akisema, "mwiko utashikwa na nani?" Mama alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, "Mikono ni miwili, Baba Nekesa."

Basi siku moja akaja mjomba wetu Wanjala, kaka yake Mama, aliyekuwa akipiga muziki katika hoteli za ng'ambo. Alikuja na viatu vyenye ncha, marashi yaliyofika mlangoni kabla yake, na mfuko mweusi mrefu uliotufanya tuache chai ipoe. Alipoufungua, tulisogea karibu. Ndani mlikuwa na gitaa la umeme, jeusi tititi, lenye mwili mdogo kama kibao cha kukatia mboga. Shingo yake ilipanda vizuri, ikafika mahali ambapo kila gitaa lina kichwa, ikaisha. Haikuwa na kichwa wala vile vifungo vya kukazia nyuzi.

"Mjomba," nikauliza, "lilivunjika kwenye ndege?"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Alituonyesha kwamba vifungo vya kukazia vilikuwa huku nyuma, chini ya kiganja cha mkono wa kulia, na kwamba kila uzi ulikuwa na kishanga cha shaba pande zote mbili, hiki cha kushika juu na hiki cha kushika chini. Kisha akamgeukia Nekesa. "Mimi nimenunua jingine. Hili ni lako. Nimesikia unatesa galoni za watu."

Nekesa akalipokea kwa mikono miwili. Alifunga jicho moja, akaangalia shingo kutoka mwisho hadi mwisho, na alipolifungua lile jicho lilikuwa na machozi.

Habari Makadara hazikuhitaji simu. Kabla ugali haujaiva, mtaa wote ulijua kwamba kwa Baba Nekesa kuna gitaa lililokatwa kichwa. Watu walikuja kuomba chumvi ambayo hawakuihitaji. Nyanya mmoja alilitazama akasikitika, akatuombea.

Mtaa wetu ulikuwa na bendi ya kweli, na kiongozi wake alikuwa kijana mmoja seremala tuliyemwita Kamau Solo, kwa vile hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupiga solo. Alikuwa na gitaa jekundu lililong'aa kama tofaa na nywele zilizohitaji mlango wa peke yake. Wakati huo mpiga gitaa wake wa pili alikuwa amehamishwa kikazi Kisumu, na Jumatatu ya Pasaka kulikuwa na mashindano ya bendi za mitaa kwenye ukumbi wetu. Nekesa akaenda kuomba nafasi. Kamau alijua uwezo wake, maana alikuwa amemsikia akipiga gitaa la kanisa. Tatizo lake lilikuwa lile gitaa.

"Lilete Jumamosi uwanjani tulipime," akasema. "Siwezi kupanda jukwaani na kitu ambacho hakijamaliza kuumbwa."

Jumamosi hiyo hakuna aliyecheza bano. Kamau alikaa kwenye kiti cha bendi, akaliweka gitaa jeusi pajani. Likateleza. Akalirudisha, likateleza tena, kwa sababu mwili wake ulikuwa mdogo mno kukaa pajani. "Hili ni gitaa ama ni mwiko wa ugali?" akauliza, na watu wakaangua kicheko. Ilibidi asimame, alivae kwa mkanda, na hapo uso wake ukabadilika kidogo. Gitaa lake jekundu lilizoea kuinamisha kichwa chini kama ng'ombe anayekunywa maji. Hili lilikaa palepale lilipowekwa. Akapiga uzi wa kwanza, akaona umelegea kidogo, akanyoosha mkono wa kushoto aukaze. Mkono ukapita mwisho wa shingo, ukashika hewa. Watoto tulilala chini kwa kucheka. "Haya, chekeni," alisema, na yeye mwenyewe anacheka.

Lakini Kamau alikuwa mtu wa haki. Alipita shingo yote, kidole kwa kidole, akitafuta mahali panaponung'unika. Hapakuwepo. Akayaacha magitaa yote mawili juani wakati tunakunywa uji, na aliporudi lake jekundu lilikuwa limepotoka sauti, lile jeusi liko vilevile. Akajikuna kidevu.

"Shingo ni nzuri," akasema hatimaye. "Nyuzi ziko chini, vidole havichoki. Halipindwi na jua. Lakini sauti yake haina nyama, ni mifupa mitupu. Na uzi ukikukatikia, hizi nyuzi za vishanga pande mbili utazipata duka gani?"

"Nyama nitatia mimi," Nekesa akajibu.

Kamau akamwangalia, akamrudishia gitaa. "Mazoezi ni kesho, baada ya kanisa. Usichelewe."

Nyumbani, Baba alisikiliza habari hizo huku akivua viatu, akatoa sharti lake. Nekesa angecheza Pasaka, mara hiyo moja. Ikiwa angeaibisha jina la nyumba, gitaa lingerudi kwa mwenyewe na yeye angeanza masomo ya ushonaji ambayo shangazi alikuwa ameshampangia. Nekesa akakubali. Tangu siku hiyo alilala nalo ubavuni, nami niliyelala naye kitanda kimoja nikajifunza kwamba hata gitaa lisilo na kichwa lina pembe.

Jumatatu ya Pasaka ilifika. Mama alipika chapati, jambo ambalo enzi hizo lilitosha kukujulisha kwamba leo ni sikukuu bila kutazama kalenda. Baada ya chakula Nekesa alikaa kwenye ngazi ya mlangoni kupasha vidole moto. Nilikuwa namsuka nywele kwa nyuma. Ghafla nikasikia mlio mkali, *tang!* Uzi mwembamba kuliko wote ulikuwa umekatika, tena katikati.

Pakiti ya nyuzi aliyotuachia Mjomba ilikuwa imekwisha kwenye mazoezi, na Mjomba mwenyewe alisharudi ng'ambo. Nilikimbia kwa Kamau. Alikuwa na uzi wa akiba, lakini ni wa kawaida, wenye kishanga upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa waya mtupu, na lile gitaa halikuwa na kichwa cha kuuzungushia. Nekesa aliushika, akautazama, akaukunja polepole. Hakulia. Nilimjua dada yangu. Ningefurahi zaidi kama angelia.

Baba alikuwa kwenye kiti chake uani, na redio yake imezimwa. Alikuwa ameona kila kitu. Angeweza kunyamaza tu, na mambo yangekwenda vile alivyotaka tangu mwanzo. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na koleo lake la kazi.

"Lete huo uzi," akasema. "Na ule uliokatika."

Akakibanua kile kishanga cha shaba kutoka kwenye uzi uliokufa, akakipitisha kwenye uzi mzima, akaukunja mwisho wake na kuusokota. Nekesa akaukaza, ukachomoka. Baba akasonya. Akaanza upya, safari hii akausokota kwa mkazo na kwa utaratibu, mzunguko ukikumbatia mzunguko, jasho likimtoka puani. Nekesa akakaza tena. Ukapanda, ukapanda, ukalia sawasawa na wenzake. Ukashika.

"Ukikatika tena usiseme ni mimi," Baba akasema.

"Asante, Baba."

"Asante utasema ukishacheza. Nenda, unachelewa."

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nekesa alipopanda jukwaani na gauni lake la kanisa, mtu fulani nyuma akapiga kelele, "Kichwa kimeachwa wapi, siste?" Watu wakacheka. Kamau akahesabu, ngoma ikaingia, na kwa muda Nekesa alipiga kwa woga, sauti ikiwa ile mifupa mitupu aliyoisema Kamau. Kisha ukafika ule mzunguko wa mwisho ambapo magitaa mawili hujibizana. Kamau akauliza, Nekesa akajibu. Kamau akauliza jambo gumu, Nekesa akajibu huku akitabasamu. Yule wa kelele nyuma akapanda juu ya benchi, na benchi likavunjika, na hakuna aliyejali. Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, uso mkavu kama wa askari. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umemsaliti. Ulikuwa unacheza peke yake.

Hatukushinda. Tulikuwa wa pili, nyuma ya bendi ambayo mwimbaji wake alijua kujirusha sarakasi. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliyelalamika zaidi ni Baba. "Majaji gani wale? Wana macho, hawana masikio!" Wiki hiyo akatengeneza sanduku la mbao la kuhifadhia gitaa, na kulipaka rangi. Alipoulizwa alisema fundi wa reli hawezi kuacha chombo kilale ovyo. Habari ya ushonaji haikutajwa tena, isipokuwa na shangazi.

Leo Baba na Mama wamelala, Mungu awarehemu. Nekesa amepiga harusi na sherehe nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hajamalizia maisha yake baa. Anafundisha watoto gitaa nyumbani kwake mtaa wa Lucky Summer. Mimi nina kijana wangu, Simiyu, anayekaa Pipeline, mtaa wa maghorofa, juu kabisa, ambako ukifika unaomba maji kabla ya kusalimia. Juzi alinipigia simu akanieleza kwamba ameagiza gitaa lisilo na kichwa. Alinitajia aina ya mbao, uzito, hata pembe ya vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo.

"Umelishika?" nikamuuliza.

"Bado, Mathe. Lakini mtandaoni watu wamelipatia nyota kibao."

Kizazi hiki kitaoa kwa nyota. Lilipofika, nikamchukua Nekesa tukapanda ngazi zile tukipumzika kila ghorofa. Akafunga jicho moja, akaangalia shingo. Akaliweka pajani, nalo likatulia, kwa kuwa siku hizi wanayachonga yakae vizuri. Nyuzi zake ni za kawaida, zinabanwa kwa skrubu, hazihitaji kishanga wala koleo la mtu. Akakosoa kitu kimoja tu, ncha za vyuma zilizomkwaruza kiganja, akamwambia Simiyu azipige msasa. Kisha akasema ukweli: "Ni zuri kuliko langu. Tena kwa mbali sana."

"Basi tupigie," nikamwambia mwanangu.

Akachomeka waya, na akatoa vidude vya kuweka masikioni. Tukawa tunasikiliza kwa zamu. Dirishani, nguo za majirani zilikuwa karibu kiasi cha kuzianua kwa mkono, na watu walikuwa wengi kila upande, juu, chini, ng'ambo ya ukuta, wakipika na kuoga na kugombeza watoto. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba hapa pana mpiga gitaa. Nilimuuliza Simiyu jirani yake wa mlango wa pili anaitwa nani. Akafikiri, akatabasamu, akaendelea kupiga.

Zamu yangu ikafika. Mtoto anajua, tena anajua sana. Vidole vyake vimepata nyumba. Nikasikiliza mpaka mwisho, nimefumba macho, nikitamani jirani mmoja tu agonge ukuta.