Mkubwa Anapita

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Tukuyu, waliopo na waliokwenda Mbeya kugombea marobota ya mitumba, ya kwamba uchumi umefunguliwa, biashara ni ruksa, na wilaya ya Rungwe, ambayo mvua huinyeshea hata ikiwa imekwisha kulowa, sasa ina safari ya jioni ya jangwani. Kiongozi wa safari hiyo tukufu ni Tupokigwe, mke wa Lugano, mchuma chai, mkazi wa Masoko.

Jangwa lenyewe lilitoka kichwani mwa Prosper, Afisa Utamaduni, mtu wa Moshi aliyehamishiwa Tukuyu juzi juzi tu. Aliwahi kupelekwa semina Misri, akapandishwa ngamia wakati wa magharibi, akapigwa picha, na tangu hapo hakuwa mtu wa kawaida tena. Walipokuja mume na mke wa Kizungu wenye kampuni ya utalii, wakitafuta pahali papya pa kuleta wageni, akawaahidi jioni kama ile ile.

"Sasa Afisa, jangwa tunalo wapi?" Tupokigwe alimuuliza.

"Jangwa tutaliruka. Wewe wafikishe ziwani, kwenu Masoko, kabla jua halijazama. Wakifurahi, kazi ya kudumu ni yako. Wasipofurahi, shamba la chai halijahama."

Hilo neno la mwisho lilimnyima raha. Siku nzima hakukaa chini. Aliosha raba zake, akaziosha tena, akatoka kutazama wingu, akaingia, akatoka. Mgongo wake ulilijua tenga la chai vizuri kuliko ulivyomjua Lugano, na haukutaka kurudi huko.

Walipoanza kushuka kuelekea ziwani alikuwa anatembea kama anayefukuzwa, wageni na Prosper wakihema nyuma yake, jua likiwa bado juu ya migomba. Kwenye kona wakasikia kikohozi.

Alikijua kikohozi hicho. Ni cha baba yake Lugano, akitoka kukata majani ya ng'ombe. Na mke wa mtu, Unyakyusani, haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, hasemi naye, wala jina lake halitaji. Tangu aolewe, Tupokigwe alimfahamu mzee yule kwa kikohozi na kwa mgongo wa koti. Basi akajitupa migombani bila kufikiri, kama mtu anavyofumba jicho akirushiwa mchanga. Wageni, waliokwisha agizwa wamfuate kiongozi kwa kila jambo, wakajitupa nao. Prosper akamalizia, na suruali yake ya kadeti.

"Kuna nini?" alinong'ona, kidevu kikiwa topeni.

Sasa amwambie nini, na jina halitajwi?

"Mkubwa anapita."

Prosper akawatafsiria wageni kwa neno moja: simba. Yule mama wa Kizungu akamkumbatia mumewe.

Mambo yangeishia hapo lau mzee angepita. Lakini mzee naye ana adabu zake. Alishaona ncha ya khanga ikitokomea, akatupa majani chini, akaingia migombani upande wa pili ili ampishe mkwewe. Akakohoa, maana yake: pita, mwanangu. Tupokigwe akanyamaza, maana yake: tangulia, baba. Mzee akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Ananguruma," Prosper alisema.

"Anakohoa. Ana kifua."

"Ni mzee?"

"Sana. Meno yamebaki machache."

"Mungu wangu. Hao wazee ndio wanaokula watu."

Tupokigwe hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwenye majani ya migomba, ambako mwanga ulikuwa unapanda polepole na kumwacha. Huku jua, kule mkwe. Mwishowe akapiga magoti, akawaongoza kwa kutambaa, wakazunguka shamba zima la watu kwenye matope, mpaka wakaibukia juu ya ziwa.

Jua lilikwisha kwenda zake. Ukungu ulikuwa umelifunika ziwa lote, na mvua ikaanza. Wale Wazungu, weusi kwa tope, wakawa wanaongea upesi upesi lugha yao, wakirusha mikono. Tupokigwe akatazama chini. Mgongo ukaanza kumwuma kabla ya wakati.

Prosper akajipangusa kidevu, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasimama wima kama yuko jukwaani.

"Mama Tupokigwe. Wageni wetu wanasema maziwa wameyaona mengi duniani. Lakini kulala chini huku mkubwa anapumua ng'ambo ya njia, hilo hawajalipata popote, hata Serengeti. Kazi umepata. Sharti ni moja tu: kila jioni yule mkubwa awepo pale pale, na akohoe."

Tupokigwe akakamua ncha ya khanga yake.

"Basi kamwombe wewe, Afisa. Ni baba mkwe wangu. Hatuongei."