Fundi wa Bondeni na Rupia za Karachi

Fundi wetu wa nguo hapa Bondeni hakati kitambaa kikavu. Hukilowesha kwanza, hukianika, ndipo apime, huku akitufokea na pini zake mdomoni: "Kitu chochote kipya hupungua!" Akiba yake aliipeleka Karachi, kwenye kiwanda cha pamba cha shemeji yake. Mwaka huu wa hamsini na tano kiwanda kikapata faida kubwa, nami mjinga nikaenda kumpongeza. Hakuinua macho.

"Faida ipo, mama. Lakini serikali ya kule imeshusha thamani ya rupia. Nikibadilisha kuwa shilingi, napata kidogo kuliko nilichopeleka."

Kisha akavuta kitambaa cha gauni langu, kikavu vile vile, akatia makasi.

"Fundi, hujalowesha!"

"Wacha na chako kipungue."