Dawa ya Kupe

Tulikuwa watatu nyumbani siku hiyo: mimi Chepkoech, mwenye miaka kumi na minne; ndugu yangu Kiprono, wa miaka sita; na mdogo wetu Chelangat. Jirani yetu alikuwa Mama Akinyi, aliyechuma chai ng'ambo ya mto. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Hadi leo, mtu akinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe na ile harufu kali ikapita juu ya mashamba ya chai, mimi hufunga dirisha.

Ngozi ya Kiprono ilikataa kila kitu. Sabuni ya kufulia ilimwasha. Sweta ya shule ilimwasha shingoni, hivyo akaivaa juu ya mashati mawili. Akipita tu kwenye chai yenye umande, miguu ilitoka vipele, akajikuna hadi damu. Nilimpaka mafuta ya kukamulia, yale ya matiti ya ng'ombe. Aling'aa kama sahani na kuendelea kujikuna. Watoto walikataa kuketi naye. Kisha mwalimu akaniambia, kwa upole, asirudi mpaka upele uishe.

Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba ili yeye asome.

Niliwaza hivi: vidonda vya ng'ombe wetu vilikauka kwa wiki moja tulipomnyunyizia dawa. Basi nikapima kifuniko kimoja cha chupa, nikakoroga na maji vuguvugu kwenye karai, nikamsugua Kiprono kuanzia shingoni. Alilia, halafu akanyamaza, nami nikafurahi kwamba imemtuliza.

Mate yakaanza kumtoka. Magoti yakalegea. Mama Akinyi, aliyekuja kurudisha kikapu, alisikia harufu kabla hajaingia.

"Nani amempaka hii kitu?"

"Amejimwagia mwenyewe, Mama. Alikuwa anacheza na bomba la dawa."

Hakubishana. Alimmwagia maji yote niliyoteka asubuhi, mtungi baada ya mtungi, akambeba mgongoni kwa leso. Mlangoni akageuka.

"Na wewe osha mikono. Mpaka kwa kiwiko."

Pikipiki iliwapeleka hospitalini Kapkatet. Nilibaki na Chelangat, nikisugua mikono kwa majivu, nikisikiliza kila pikipiki iliyopanda mlima. Hakuna iliyosimama kwetu siku hiyo, wala kesho yake.

Siku ya tatu Kiprono alirudi, amekonda, akitaka ugali. Daktari alikuwa amesema si upele wa kuambukiza, ni ngozi nyepesi tu; apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato kila akitoka kuoga. Mama Akinyi alienda mwenyewe kumweleza mwalimu.

Miaka mingi nilidhani nilidanganya kwa kuogopa kuchapwa. Sasa nina watoto wangu na ninajua nilichoogopa: kwamba wakijua, watu wazima wangegawana ndugu zangu. Na Mama Akinyi alijua. Aliniachia watoto wale akijua.

Kiprono hajui. Alikuwa mdogo, akaamini nilichosimulia, kwamba alijimwagia mwenyewe. Wenzake walimwita Kupe hadi darasa la nane. Krismasi iliyopita alimpaka binti yake mafuta, mtoto mwenye ngozi ile ile, akacheka: "Baba yako alikuwa mjinga. Nusura nimuue shangazi yako kwa hofu." Kisha akanigeukia. "Pole, dada, kwa yale niliyokufanyia."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamwongezea chai.