Zabibu za Jirani

Jana, nje ya duka la mikate, nilinusa mdalasini na maganda ya machungwa, nikasimama.

Nilikumbuka Idi moja ya utotoni iliyoangukia Desemba, nyumbani kwetu Winson Green, ughaibuni. Jirani Mjerumani, mwanamke pekee mtaani aliyewahi kumgongea mama mlango, alituletea mkate wao wa Krismasi. Mama akauweka katikati ya sinia la pilau. Ami akainama, akazinusa zabibu zilizokuwamo.

"Shemeji, hizi wenzetu huziroweka kwenye pombe."

Mikono yote ikasita. Jirani alikuwa bado amesimama na koti lake. Bila kumtazama, mama akamwuliza kwa Kiingereza ameziroweka kwenye nini.

"Chai," akajibu, uso umemwiva. "Ile yako ya karafuu. Siku tatu."

Mama akamtafsiria ami. Ami akamsogezea kisu.

"Basi nikatie," akasema. "Na mgeni aketi, pilau inapoa."