Breka ya Chumbani kwa Mama

Mume wangu ni fundi wa sola hapa Kitale, na katika kazi yake yote, mtambo uliomsumbua zaidi ni ule ambao hakuruhusiwa kuuona. Ulikuwa chumbani kwa mama yangu, upande wa Malakisi, Bungoma. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na chumba cha mama mkwe cha kulala ndicho kabisa, hakikanyagwi. Mume wangu si wa kabila letu, ametoka juu mlimani, lakini mila hiyo aliishika kuliko ndugu zangu, ambao walikuwa wakiingia mle na viatu vya shambani.

Mama ndiye aliyetaka betri zikae chumbani, akiogopa wezi. Alifungiwa mtambo na fundi mwingine kabla sijaolewa: taa, redio, na friji ndogo ya kuwekea dawa yake ya kisukari. Hiyo friji ndiyo iliyoleta maneno. Breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme au joto likizidi, ilipoanza kujizima kila mchana, dawa ikawa inapata joto, na ndugu zangu wakakata shauri kwamba isipotengenezeka mama ahamie kwangu. Mimi nilifurahi, sifichi. Nilipaka chumba rangi, nikanunua kitanda. Mama aliposikia alinipigia simu akifoka.

"Ati Kitale? Na ng'ombe? Na baba yenu hapo kwa migomba nimwachie nani?"

Baba tulimzika pale pale kwa migomba.

Basi Jumamosi moja tukaenda. Mume wangu aliketi nje kwenye kigoda, chini ya dirisha la chumba, mgongo ameugeuzia pazia. Mimi nilikuwa ndani na bisibisi. Mama alijifungia jikoni, ng'ambo ya ukuta. Fundi alikuwa yule wa nje, mikono ilikuwa yangu.

"Zima kila kitu," akasema. "Washa breka peke yake. Sawa. Ongeza taa. Ngoja. Redio. Ngoja. Sasa friji."

Vyote vikawaka, breka isijizime. Tukangoja.

"Muulize mama huwa inajizima saa ngapi."

"Mama, inajizima saa ngapi?"

"Mwambie jua likiwa kari!"

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, na bado ilinibidi nibebe kila neno kana kwamba ni mtungi wa maji. Siku hizo nilikuwa naona ni usumbufu. Leo ningelipa kusikia sauti zile mbili zikinipitia tena.

Jua lilipofika utosini, breka ikajizima. Akaniambia nitoe friji, niwashe tena. Ikajizima. Nitoe redio, nitoe taa. Ikajizima ikiwa haina mzigo wowote.

"Basi si vyombo. Umeme wa paneli nao unapita hapo, na jua ndilo hili. Gusa boksi lake. Lina joto?"

"Kama sufuria."

"Kuna kitu kimelifunika?"

"Hakuna."

"Angalia vizuri."

"Si nimesema hakuna, bana!"

"Haya, nitajie tu unachoona."

"Naona boksi, naona waya, kitambaa, ukuta..."

"Kitambaa gani?"

Lazima mjue nyumba ya mama. Mle kila kitu kilivaa. Viti vilivaa, redio ilivaa, jagi la maji lilikuwa na kofia yake. Na boksi la breka alilifumia sweta la sufi nzito, lenye vifungo mbele, vumbi lisiingie. Mimi nilikulia ndani ya vitambaa hivyo, kwa hiyo nililifungua vifungo asubuhi, nikaliacha hapo hapo juu ya boksi, nikaendelea na kazi, wala sikuliona kuwa ni kitu.

Mume wangu alicheka hadi kigoda kikalia. "Sweta! Mchana wa Bungoma!"

"Mwambie aache kunichekerea!" mama akasema kutoka jikoni, naye akicheka.

Nililivua. Akanielekeza nizime kwanza swichi ya kule kwenye paneli, kisha betri, nifungue kifuniko, nikaze skrubu moja iliyokuwa imelegezwa na joto. Niliikaza. Tulipowasha, ilikaa mchana ule wote, na kesho yake, na msimu uliofuata. Mama alimtumia mkwe wake kuku mzima, mimi niliyefanya kazi nikapewa shingo. Habari ya kuhama ikaishia hapo.

Alikaa kwake hadi mwisho. Alienda mwaka juzi, kitandani mwake, taa ikiwaka na dawa ikiwa baridi. Mimi nilikuwa Kitale, nikaambiwa asubuhi kwa simu. Watu husema nishukuru kwamba alienda akiwa nyumbani kwake, na ninashukuru. Lakini skrubu ile niliikaza mimi. Ningeiacha ilegee, mama angekufa akininung'unikia kwenye kitanda nilichomnunulia, na mkono wake ningekuwa nimeushika.