Bendera Iliyolazwa Chini

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: tumfunike Bibi kwa bendera ipi? Asubuhi ya mazishi nilifungua sanduku lake, ikanijia harufu ya naftalini na moshi wa maganda ya korosho. Nikarudi utotoni, kijijini Chilangala, miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kupanda mlima hadi kwetu na magari yao.

Bibi alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, akavuka wakati wa vita vya ukombozi. Kila siku ya uhuru wa Msumbiji alitoa bendera ya kwanza ya nchi ile: miale ya kijani, nyekundu, nyeusi na manjano ikichomoza kwenye kona moja, katikati yake mistari myeupe. Konani palikuwa na gurudumu la meno, na ndani yake kitabu, jembe, bunduki na nyota. Alinifundisha maana zake taratibu, kama anayenifundisha kusali. Kijani ni utajiri wa ardhi, nyeusi Afrika, manjano madini, nyekundu mapambano, nyeupe amani.

"Na bunduki, Bibi?"

"Ya kulinda jembe. Kitabu ndicho chako, usijifanye hukioni."

Hakuitundika kamwe. Aliitandaza chini pembeni mwa uwanja, akafagia kuizunguka, akaketi kando yake miguu ameinyoosha, kisha akadondosha unga wa mtama kwenye pembe ya kitambaa. Nilidhani unga ule ni wa sisimizi, nikawaonea wivu.

Vita vya pili vya Msumbiji, vile vya wenyewe kwa wenyewe, vilipokwisha, ndugu wa ng'ambo walikuja kututembelea. Mmoja akacheka.

"Mama Kasiani, hii ilishabadilishwa. Siku hizi mistari imelala. Hata jina la Jamhuri ya Watu limeondolewa."

"Walioibadilisha hawakumtuma mtu kwangu," alisema Bibi. "Kula mihogo, inapoa."

Sasa Mjomba Kasiani, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli, alikuwa amenunua ile mpya.

"Wageni wa ng'ambo watatucheka, mpwa wangu," aliniambia. "Watasema tumelala tangu enzi zile."

Nikasimama na zote mbili mikononi. Je, ile kuukuu itakuwa dharau kwa nchi yao? Na hii mpya, Bibi angeitambua? Nilipoikunjua ya zamani, vidole vyangu viligusa unga uliokauka kwenye pindo la pembe. Kwetu unga hudondoshwa kaburini, kumtambikia aliyelala humo. Babu alifia vitani na mwili wake haukuonekana. Baada ya uhuru mwenzake wa vitani alileta kitambaa hiki tu.

"Mjomba, Bibi alikuwa akiweka unga hapa."

Akapapasa lile pindo kwa muda mrefu. Babu alikuwa baba yake.

"Sasa hii mpya nimpe nani?" aliuliza polepole.

"Mpe yule aliyecheka."

Nikaitandaza ya zamani juu ya jeneza, kona ya miale kichwani. Tulipofika kaburini sikuiondoa. Tukawazika wote wawili.